Poland: Wasanii wahoji nani anastahili kuitwa Mpoland

Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza katika historia ya maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice, Italia, banda la taifa lilikabidhiwa msanii wa jamii ya Waroma. Taifa hilo lilikuwa Poland, na msanii huyo ni Małgorzata Mirga-Tas, mkaazi wa Czarna Góra, kijiji kilichopo kusini mwa nchi.

Mirga-Tas alizifunika kuta za banda kwa vitambaa 12 vikubwa, kimoja kwa kila mwezi, kwa kufuata mpangilio wa michoro ya karne ya 15 ya jumba la Schifanoia mjini Ferrara. Safu ya juu yaonyesha misafara ya Waroma barani Ulaya. Picha zake zatokana na kazi za Jacques Callot, mchoraji Mfaransa wa karne ya 17 ambaye jicho lake halikuwa la huruma. Mirga-Tas amewavika upya watu wale wale, safari hii kwa heshima. Safu ya chini ni maisha ya kila siku ya kijijini kwake. Vitambaa vimeshonwa kwa nguo zilizokwishavaliwa na jamaa na marafiki zake, na msomaji aliyewahi kurithi kanga ya bibi yake ataelewa kwa nini nguo mpya zisingefaa.

Kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, takriban theluthi moja ya raia wa Poland walikuwa Wayahudi, Waukraine, Wajerumani na wengineo. Mauaji ya Wayahudi na mabadiliko ya mipaka yaliliacha taifa likijiona kuwa la asili moja. Mwaka 2011, katika banda hilo hilo, Yael Bartana wa Israel alionyesha filamu zinazowaita Wayahudi milioni 3.3 warejee Poland.

Mwaka 2015 C.T. Jasper na Joanna Malinowska waliionyesha humo filamu ya opera Halka ikichezwa Cazale, Haiti, kwa wazao wa wanajeshi wa Poland waliotumwa na Napoleon kuzima uasi wa watumwa. Baadhi ya wanajeshi hao waliwaunga mkono waasi. Katiba ya Haiti ya mwaka 1805 iliwatambua Wapoland waliopewa uraia, na ikaagiza Wahaiti wote waitwe Weusi; hivyo, kisheria, Mpoland aliwahi kuwa mtu mweusi.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi. Mnara wa mbao ambao Mirga-Tas aliuchonga mwaka 2011 huko Borzęcin Dolny, kuwakumbuka Waroma waliouawa wakati wa vita, ulivunjwa mwaka 2016. Umejengwa upya.