Khadija: jina la aliyezaliwa kabla ya siku zake



Mwezi uliopita alikuja dukani kwetu bi harusi mmoja, anataka joho la siku ya hina, na jina lake litariziwe mgongoni. Tulipomuuliza jina, akasema tuweke herufi K tu, inatosha. Tukadhani ni fasheni. Kumbe anaitwa Khadija, na alisoma kwenye simu kwamba maana yake ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Mawifi zake watarajiwa nao walikuwa wameshasoma, wakamcheka kwamba ana jina la mtoto njiti. Akaona bora alifiche.

Tulizima cherehani tukakaa naye kitako. Tuliyozungumza siku ile, na mengine tuliyoyasoma baadaye, ndiyo tunayowaletea leo. Kina Khadija ni wengi visiwani kwetu, na wapo pia wazazi wanaolipenda jina hili lakini wanasitasita kwa ajili ya maana yake.

Maana yake

Kwanza tusidanganyane: maana aliyoisoma ni ya kweli. Jina limetoka kwenye herufi tatu za Kiarabu, kha, dal na jim, na Waarabu walilitumia neno hilo kwa ngamia jike anapozaa kabla ya siku zake kutimia. Wengi wetu tumeshalisikia darasani bila kulitambua. Ile Hadithi inayofundisha kuwa sala isiyosomwa Al-Fatiha ni "khidaj", yaani pungufu, inatumia neno la mzizi huo huo.

Lakini wataalamu wa lugha wa zamani walieleza jambo moja ambalo simu haikumwambia mwenzetu. Mtoto wa ngamia anayezaliwa mapema anaweza kuwa ametimia umbo lake lote; zilizopungua ni siku tu. Kwa hiyo kuwahi ni jambo moja, na kuwa na kasoro ni jingine.

Hata hivyo, kama jina hili lingeachiwa kamusi peke yake, lisingefika mbali. Limefika duniani kote kwa sababu ya mwanamke mmoja wa Makka.

Mfanyabiashara wa Makka

Bibi Khadija bint Khuwaylid (R.A.) alikuwa wa kabila la Quraysh, ukoo wa Asad. Hata kabla ya Uislamu watu wake walimwita At-Tahira, yaani aliyetakasika. Alikuwa ameolewa mara mbili, ana watoto na ana mali. Hakusafiri na misafara yeye mwenyewe. Aliwapa wanaume mtaji na bidhaa wakamfanyie biashara, na faida wakagawana kwa makubaliano. Sisi tunaouza na kununua tunajua ugumu wa jambo hilo. Kumpa mtu mali yako aende nayo mbali kunataka ujue kusoma tabia za watu.

Aliposikia uaminifu wa Muhammad bin Abdullah, alimpa bidhaa zake apeleke Sham, na akamtuma mtumishi wake Maysara afuatane naye. Msafara ulirudi na faida nzuri, na Maysara alirudi na habari za tabia ya yule kijana, ambazo kwa Bibi Khadija zilikuwa na thamani kuliko faida.

Hapa maharusi wetu msikilize vizuri. Aliyeanzisha posa ni Bibi Khadija. Hakwenda mwenyewe kwa pupa, wala hakukaa akiugua moyoni. Alimtumia rafiki yake, Nafisa bint Munya, akawa mshenga. Nafisa akamuuliza Muhammad kinachomzuia kuoa, akajibu kuwa hana mali. Akamuuliza tena, je, ukipata mwenye mali, uzuri na heshima? Mambo yakaenda kwa wazee wa pande zote mbili, na ndoa ikafungwa kwa heshima. Ibn Hisham ameandika kuwa mahari ilikuwa ngamia jike 20. Bwana harusi alikuwa na miaka 25. Umri wa bi harusi unaojulikana zaidi ni miaka 40, ingawa ipo riwaya inayotaja 28.

Waliishi pamoja karibu miaka 25, na muda wote huo Bibi Khadija hakuwa na mke mwenza. Walijaaliwa Qasim, Abdullah, Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima.

Aliyewahi

Mwaka 610 Mtume (S.A.W.) alishuka kutoka pango la Hira akitetemeka, akaomba afunikwe. Bibi Khadija akamfunika. Hakumuuliza maswali ya kumtia shaka. Alimkumbusha mema yake: anaunga udugu, anamsaidia mnyonge, anamkirimu mgeni, na Mwenyezi Mungu hawezi kumfedhehesha mtu wa namna hiyo. Kisha akampeleka kwa binamu yake Waraqa bin Nawfal, mzee aliyevijua vitabu vya kale.

Basi akawa wa kwanza kumuamini. Kabla ya Abubakar, kabla ya Ali, kabla ya mwanamme yeyote au mwanamke yeyote. Mali yake ikaingia kwenye njia ya Allah, na Makureshi walipowasusia Bani Hashim, wasiwauzie chakula wala wasioane nao, naye akavumilia njaa bondeni pamoja na mumewe. Alifariki mwaka 619, miaka mitatu kabla ya Hijra, akazikwa Makka katika makaburi ya Mu'alla. Mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Huzuni.

Sisi tunaona hapo ndipo jina lilipopata maana mpya. Kwenye kamusi ni aliyekuja kabla ya wakati, na Bibi Khadija kweli aliwahi: aliingia katika imani wakati wengine wote hawajaufikia mlango.

Kidani

Kisa kimoja hutugusa kila tunapomvisha bi harusi. Bibi Khadija alipomuoza binti yake Zainab kwa Abul-As, mtoto wa dada yake Hala, alimpa kidani chake. Miaka ikapita. Katika vita vya Badr, mwaka 624, Abul-As alikuwa upande wa Makureshi, akatekwa. Zainab alikuwa bado Makka, akatuma mali ya kumkomboa mumewe, na ndani yake akatia kile kidani cha mamaake.

Mtume (S.A.W.) alipokiona alikitambua, moyo ukamlainika sana. Bibi Khadija alikuwa ameshafariki miaka mitano. Akawaomba Masahaba, wakiona vyema, wamwachie yule mfungwa na wamrudishie Zainab kidani chake. Wakakubali. Na hata miaka ya baadaye alipokuwa akichinja kondoo, aliwapelekea nyama marafiki wa Bibi Khadija. Mpaka Bibi Aisha (R.A.) alikiri kuwa hakumuonea wivu mke yeyote kama alivyomuonea yeye, na hali hakumkuta kama mke mwenza.

Jina lilivyosafiri

Waislamu walilibeba jina hili kila walikokwenda, na kila watu wakalitamka kwa ulimi wao. Waturuki wanasema Hatice. Wahausa wanasema Hadiza. Senegal utamkuta Khady, Guinea utamkuta Kadiatou, na Indonesia hutanguliza Siti, wakasema Siti Khadijah. Kwetu pwani ni Khadija, bara wengi huandika Hadija, na nyumbani huishia kuwa Dija.

Visiwani pia limewahi kukaa kwenye kiti cha enzi. Ibn Battuta, msafiri yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye alifika visiwa vya Maldives akawa kadhi huko, akaeleza kwa mshangao kuwa mtawala wao ni mwanamke anayeitwa Khadija. Na hapa kwetu nani asiyemjua Khadija Kopa kwenye taarabu?

Lakini sababu kubwa ya jina kuendelea ni ya ndani ya nyumba. Mtoto hupewa jina la bibi yake, naye akikua mjukuu wake huitwa yeye. Ndiyo maana wengine huliona jina la kizee, wakatafuta majina mapya yasiyojulikana hata maana yake. Hatuwalaumu. Jina zuri ni lenye maana njema, na majina mema ni mengi. Tunachoomba ni kwamba asiliache hili kwa aibu.

Yule bi harusi wetu alirudi kujaribisha joho akiwa na mamaake. Mama akasikia habari ya herufi K, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, wewe nimekuzaa wa miezi saba. Nimekulaza kifuani kwangu usiku na mchana, kila asubuhi naangalia kama unapumua. Babaako ndiye aliyesema tukuite Khadija." Binti hakuwa anajua. Walilia wote wawili, na sisi tukashindwa kupima kiuno.

Joho limetoka na jina zima, kwa uzi wa dhahabu. Tulimtoza bei ya herufi moja.

Mwenyezi Mungu awape kina Khadija wote subira na heshima ya aliyewatangulia, awalinde watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, na awape maharusi wetu nyumba zenye utulivu. Amin.