Nani Alikandwa, Nani Alikanda

Siku hizi ukiwa Nairobi utaambiwa kila kona ujitunze. Oga polepole, jisugue, pumua, washa udi, usikilize mwili wako. Ni ushauri mzuri, sina ugomvi nao. Lakini unauzwa kana kwamba umeshuka na ndege juzi, na bei yake hata usiulize. Pwani yetu imeutunza mwili tangu zamani, na historia hiyo ina swali ambalo matangazo hayaulizi: mwili huu ni wa nani, na mikono inayoutunza ni ya nani?

Nenda Zanzibar ya karne ya 19. Kidichi bado yapo mabafu ambayo Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Binti yake Said, Salme, ambaye baadaye alihamia Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo ameeleza maisha ya jumbani: nguo na matandiko kufukizwa udi, maua ya asumini kitandani, mtu kukandwa viungo mpaka usingizi umchukue. Inapendeza kusoma. Ila waliokuwa wakikanda ni watumwa.

Na mtumwa mwenyewe je? Alivaa merikani au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Kujifunika kichwa na kuvaa viatu zilikuwa dalili za uungwana. Yaani hata jua likupige wapi lilikuwa jambo la kuamuliwa na mwingine. Kwa suria ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu mwili wake ndio uliotakiwa.

Amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka Aprili 1897. Masuria hawakuhesabiwa. Amri iliwachukulia kama wake wa nyumbani, na aliyetaka kutoka ilibidi aonyeshe kwamba anatendewa ukatili. Walingoja hadi 1909. Huku pwani ya Kenya utumwa ulifutwa 1907. Kwa hiyo kuna bibi za watu, si mbali sana nasi, ambao walikuwa watu wazima siku mwili wao ulipokuwa wao kwa mara ya kwanza.

Walifanya nini nao? Wengi walinunua leso. Walitupa kaniki, wakajifunika vichwa, wakavaa rangi walizochagua wenyewe. Ni rahisi kuiita hiyo anasa au kuiga mabwana. Mimi naona mtu anayejimiliki.

Pia walikuwa na elimu yao. Unyago ulifika Zanzibar na watu walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka upande wa Ziwa Nyasa na kusini. Kungwi alimfundisha mwari kuhusu hedhi, usafi, viungo vyake na raha ya kitandani, kwa ngoma na bila kumung'unya maneno. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini alikuwa pia mwalimu mkubwa wa unyago. Ni kweli, mafunzo mengi yalilenga kumridhisha mume, na hilo tuliseme wazi. Hata hivyo, hebu fikiria: watu walionyang'anywa miili yao ndio waliobeba elimu ya mwili, wakaipokezana bila kitabu wala jumba la mabafu.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba kujitunza ni mambo ya wenye pesa. Maji ya moto kwenye karai, mafuta ya nazi, nusu saa mlango umefungwa, hiyo tayari ni haki ambayo kuna watu waliikosa maisha yao yote.

Lakini swali la Kidichi bado lipo. Yule dada anayekukanda mgongo Jumamosi, au anayefua nguo zako ili wewe upumzike, yeye hupumzika saa ngapi? Ukimlipa vizuri na kumpa siku yake, utakuwa umeielewa historia hii kuliko mtu aliyejaza nyumba udi.