Bibi 14, benchi moja na sonona ya Harare

Wadau, leo stori inatoka Zimbabwe. Mwaka 2005 daktari mmoja wa afya ya akili alimpoteza mgonjwa wake, binti aliyejiua. Familia ilitaka kumrudisha hospitali, ila nauli ya basi haikuwepo. Dola 15 tu!

Daktari akaamua tiba ishuke mtaani. Kule Mbare, Harare, hakupewa chumba wala nesi. Alipewa bibi 14 wa kujitolea. Chumba hakuna, basi wakaweka benchi nje ya kliniki. Aliliita benchi la afya ya akili, na watu wakalikwepa, maana nani anataka kuonekana "chizi"? Bibi ndio waliosema jina libadilishwe: Benchi la Urafiki.

Huko watu husema wana kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. (Kama sisi tu: "ana mawazo yule.") Bibi huuliza maswali 14 ya ndiyo au hapana kuhusu wiki iliyopita: usingizi, kulia, hata kutamani kufa. Majibu yakiwa mazito, vikao vinaanza, kawaida sita. Mgonjwa mwenyewe huchagua tatizo moja la kuanza nalo, iwe deni au ndoa. Aliye hatarini hupelekwa kwa wataalamu.

Utafiti wa watu 573 ulitoka 2016. Baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa na bibi. Waliopata huduma ya kawaida ya kliniki? Karibu asilimia 50.

Mabenchi hayo yameshafika hadi Zanzibar.