Sehemu ya 4: Dawa za sonona na mguu unaodunda wenyewe

 

Leo historia kidogo, ila soma mpaka mwisho.

Dawa za sonona zilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa TB walipewa dawa mpya, iproniazidi. Watu waliokuwa hoi wakaanza kuchangamka, wengine wakacheza muziki wodini. Kumbe dawa inainua moyo! Baadaye ikaja imipramini, kisha amitriptilini, ambayo hata sisi tunayo. Huenda bibi yako anaimeza kwa maumivu ya mishipa ya fahamu.

Sasa sikia. Mwaka 1984, hukohuko New York, binti wa miaka 18, Libby Zion, alipelekwa hospitali na homa, anatetemeka. Alikuwa anatumia fenelzini, dawa ya sonona. Akachomwa sindano ya pethidini. Homa ikapanda hadi karibu nyuzi 42, asubuhi akafariki. Wengi wanaamini dawa hizo mbili ziligongana.

Kwa nini nakwambia? Huku ziwani malaria ni nyingi. Mtu akipata homa na kushtukashtuka tunasema malaria imepanda kichwani, wengine wanasema karogwa. Kipimo cha malaria ni lazima. Ila kama anatumia dawa za sonona, angalia na haya:

- Ukisukuma unyayo wake kwenda juu, mguu unadunda wenyewe kama wa fundi anayekanyaga cherehani.
- Macho yanachezacheza, jasho linamtoka, hatulii.

Na mtoto aliyemeza amitriptilini ya bibi? Mboni zinakuwa kubwa, mdomo mkavu, anashikashika vitu hewani ambavyo hamvioni, au anapata degedege. Usimtapishe, usimpe maziwa. Kimbia hospitali, na pakiti ya dawa mkononi.

Mama mjamzito, ukija leba tukataka kukuchoma pethidini au kukupa tramadoli, tuambie kwanza unachotumia. Akibadilika nesi wa zamu, mwambie na huyo. Sonona ni ugonjwa kama mwingine, hakuna wa kukucheka. Na tafadhali, usiache dawa ghafla kwa sababu ya posti yangu. Ongea na daktari wako.

Usiku huu, kabla hujalala, dawa za nyumbani ziko wapi? Kama mtoto anazifikia, amka uzihamishe.

 Tukutane sehemu ya 5.