Wakili wa Wazee wa Mau Mau

Mwaka 1991, Paul Muite alipochaguliwa mwenyekiti wa Chama cha Wanasheria wa Kenya, mahakama ilimzuia yeye na wenzake kuzungumzia siasa kwa jina la chama. Anayetaka kuijua njia ya wazee wa Mau Mau hadi London na aanzie hapo, kwa wakili aliyezibwa mdomo kwa sheria. Wazee nao walikuwa wamezibwa. Mau Mau, vuguvugu lililopinga ukoloni wa Uingereza nchini Kenya, ilipigwa marufuku mwaka 1950, na uhuru ulipokuja marufuku ikabaki. Iliondolewa 2003, chini ya Rais Kibaki. Kwa miaka 40 ya uhuru, mpiganaji wa msituni hakuruhusiwa kusajili chama cha wenzake, sembuse kushtaki.

Mlango ulipofunguka mambo yalikwenda mbio. Chama cha maveterani kikasajiliwa, na mwaka 2009 mawakili wa kampuni ya Leigh Day wakafungua kesi London, wakiishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso ya enzi ya ukoloni. Muite alikuwa miongoni mwa waliowashauri wazee.

Uingereza ilidai kwanza kwamba dhima ilihamia kwa serikali ya Kenya. Jaji McCombe akakataa, 2011. Ikadai muda umepita. Akakataa tena, 2012, kwa kuwa nyaraka zilikuwepo, nyingi zikiwa zimefichwa Hanslope Park, ghala la siri la serikali ya Uingereza. Mwaka 1957 mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Baring kuhusu kuwapiga wafungwa, kwamba ikibidi kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Huyo naye alikuwa mshauri wa sheria! Sijaona waraka unaochukiza zaidi katika historia hii.

Mlalamikaji mmoja, Wambugu wa Nyingi, alikuwa katika kambi ya kizuizini ya Hola tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipouawa kwa kipigo. Yeye alizimia, akatupwa pamoja na maiti. Serikali ikatangaza kwamba marehemu walikufa baada ya kunywa maji.

Machi 2013 Muite aligombea urais, akashindwa. Miezi miwili baadaye alikuwa akiwaeleza waandishi wa habari kuhusu mazungumzo na Waingereza. Tarehe 6 Juni, William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alieleza masikitiko bungeni na kutangaza pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa walalamikaji 5,228. Dhima hakuikubali. Wakenya wengine zaidi ya 40,000 walioshtaki baadaye walishindwa mwaka 2018. Safari hii mahakama ilikubali kwamba muda umepita.