Wajukuu wa Luxembourg na Daftari la Mfaransa

Msafiri aingiaye Luxembourg alfajiri kwa gari moshi litokalo Ufaransa aweza, akipenda, kuwa amekwisha kuivuka nchi nzima kutoka kusini hadi kaskazini kabla ya adhuhuri, kwani dola hii iliyobanwa baina ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani haizidi kilomita 82 kwa urefu na 57 kwa upana, na eneo lake lote, kilomita za mraba 2,586, ni takriban sawa na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Miongoni mwa wageni waizuruo wamo wa namna moja walio wepesi kutambulikana: hawaulizi kasri wala soko, bali huchomoa mfukoni karatasi iliyoandikwa jina la kijiji kisichokuwa na hata duka moja, na chini yake jina la mtu aliyekufa kabla babu yao hajazaliwa. Hawa, ambao aghalabu hutoka Wisconsin, Iowa, Minnesota na Illinois, na siku hizi hata Brazili, ni vitukuu vya wakulima waliohamia huko katika karne ya 19, nao wamekuja kuitazama ardhi ya jadi zao.

Kisa cha wahajiri hao huelezwa sana kuwa ni kisa cha njaa na meli. Si uongo, lakini mimi naona kwamba asili yake, na vilevile njia ya vitukuu kurudi, zimo katika kazi ya serikali moja ya kigeni ambayo haikudumu nchini hata miaka ishirini. Majeshi ya Jamhuri ya Ufaransa yaliitwaa ngome ya Luxembourg mwezi wa Juni 1795, na kabla ya mwaka kwisha nchi ikatiwa ndani ya Ufaransa na kuitwa Jimbo la Misitu. Wenyeji hawakumpenda mtawala huyo, na mwaka 1798 wakulima wa Oesling, ile nyanda ya juu ya kaskazini yenye baridi na udongo mkavu, walimwasi kwa sababu ya kuandikishwa askari kwa nguvu, wakatoka na marungu na mundu kupambana na bunduki, wakavunjwa kwa muda wa siku chache. Lakini mtawala huyu alileta mambo mawili yaliyobaki baada ya bendera yake kuteremshwa: daftari na sheria ya mirathi.

Tuanze na mirathi. Katika zama za kale nyumba ya mkulima wa Oesling haikugawanywa. Pamoja na mashamba yake, mifugo yake na wajibu wake kwa bwana wa nchi, ilishikwa nzima na mtoto mmoja, na ndugu zake wengine ama walipewa kitu kidogo waende wakaoe au kuolewa kwingine, ama walibaki humo humo kama watumishi wa ndugu yao. Sheria ya Napoléon ya mwaka 1804 iliwafanya watoto wote kuwa sawa mbele ya mali ya baba. Msomaji aliyezoea mafungu ya faradhi hataona ajabu hapo, naye anajua pia, kwa kuona mashamba ya minazi yaliyogawanywa mpaka kila mrithi akabaki na haki ya miti michache, kwamba uadilifu baina ya ndugu na ustawi wa shamba si vitu viendavyo pamoja siku zote. Katika vizazi viwili au vitatu mashamba ya Luxembourg yalikatwakatwa hata yakawa hayawezi kulisha watu wake, na ugonjwa wa viazi ulipoingia mwaka 1845 ukawakuta wanyonge wamekwisha kusimama ukingoni.

Hata hivyo waliotangulia kuondoka hawakwenda Marekani. Mwaka 1828 zilienea habari vijijini kwamba mfalme wa Brazili huwapa wageni ardhi na nauli ya bure, na mamia ya watu wakauza nyumba na ng'ombe wao, wakapakia watoto juu ya mikokoteni na kufunga safari ya nchi kavu hadi bandari ya Bremen, ambako waliambiwa kuwa meli ya bure haipo. Wengi wakarudi, ilhali hawana tena pa kurudi. Baadhi yao walijenga vibanda katika ardhi duni karibu na Grevels, na majirani, kwa dhihaka ambayo kwa maoni yangu ilizidi kiasi, wakapaita mahali hapo Brazili.

Kuanzia miaka ya 1840 njia iligeuka. Watu walishika barabara ya Antwerp au Le Havre, wakavuka bahari, wakapita maziwa makubwa ya Marekani hadi Port Washington katika Wisconsin, wengine wakaendelea mpaka Iowa, ambako katika kijiji cha St. Donatus zingali zimesimama nyumba za mawe walizozijenga kwa mtindo wa kwao. Katika muda wa nusu karne waliondoka watu wapatao 70,000 kutoka nchi iliyokuwa na wakazi takriban 200,000. Na katika mji wa Dubuque, Nicolas Gonner, mwana wa Luxembourg, aliongoza gazeti la wahajiri hao kwa lugha ya Kijerumani, kisha mwaka 1889 akatoa kitabu kizima juu ya watu wa nchi yake katika ulimwengu mpya.

Sasa turejee kwenye daftari. Tangu mwaka 1796 kila aliyezaliwa, aliyeoa na aliyekufa aliandikwa na ofisa wa serikali badala ya kasisi, tena kwa nakala mbili, moja ikabaki kijijini na ya pili ikapelekwa mahakamani, hivi kwamba moto au vita vikiila moja, ya pili husalia. Mtafutaji wa nasaba afunguaye kurasa za mwanzo hupata taabu ndogo, kwa kuwa tarehe zake hadi mwisho wa 1805 ni za kalenda ya Mapinduzi, isiyojua Januari wala Februari. Lakini akishaivuka taabu hiyo hupata kilichoandikwa kwa utaratibu unaostahili sifa: jina la baba na la mama, umri wao, kazi yao, mashahidi, na kama shahidi hajui kuandika, limetajwa na hilo.

Taabu kubwa zaidi ni ya majina. Kabla ya Mfaransa kuamuru kila mtu ashike jina la baba yake asilibadili, mtu alijulikana kwa jina la nyumba, na mume aliyeingia katika nyumba ya mkewe aliweza kuitwa kwa jina la nyumba hiyo, yeye na watoto wake. Watu wa Lamu na Mombasa, ambao kwao mlango ni ukoo, wangelifahamu jambo hili bila ya kufasiriwa. Majina hayo ya nyumba yangali yanatumiwa na wazee vijijini hivi leo, na mara nyingi mgeni atajaye jina la ukoo wake hutazamwa kwa mashaka, mpaka atakapolitaja jina la nyumba, hapo ndipo mzee ainuapo mkono na kumwonyesha paa.

Si wote wafikao hapo. Wako waliofika Luxembourg kumbe kijiji chao hakiko tena Luxembourg, kwani nchi hii ilimegwa mara tatu: mwaka 1659 kwa faida ya Ufaransa, mwaka 1815 kwa faida ya Prussia, na mwaka 1839, kwa mkataba wa London, sehemu yake ya magharibi, iliyo kubwa kuliko iliyobaki, ikapewa Ubelgiji. Aliyehama kutoka Arlon au Bitburg huenda alijiita Mluxembourg mpaka kufa kwake, na kitukuu chake hana budi kuvuka mpaka. Wengine huliendea kaburi wasilione, maana huko kaburi ni haki ya muda, na wenyewe wasipoihuisha, mahali pake hupewa maiti mwingine. Na nyumba yenyewe huenda ikawa ya Mreno, kwa sababu chuma cha kusini, kilipoanza kuyeyushwa kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19, kiliigeuza nchi iliyotoa watu kuwa nchi ipokeayo watu, kwanza Waitaliani kisha Wareno, hata leo karibu nusu ya wakazi ni raia wa kigeni.

Serikali nayo iliwakumbuka waliokwenda. Sheria ya uraia ya mwaka 2008 ilimruhusu mtu yeyote, awe wapi duniani, kuurudisha uraia wa wazee wake ikiwa ataweza kuthibitisha kwamba anatokana moja kwa moja na mtu aliyekuwa Mluxembourg tarehe 1 Januari 1900. Maelfu waliomba, wakiwamo Wabrazili wengi, na ushahidi wao ulikuwa ni vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, yaani yale madaftari aliyoyaanzisha Mfaransa. Muda wa kuomba kwa njia hiyo ulikwisha tarehe 31 Desemba 2018. Madaftari yenyewe yangali yanasomwa na yeyote atakaye katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na mwenye kutaka kutoka mjini kwenda kijijini kwake hatoi nauli, kwani tangu tarehe 29 Februari 2020 mabasi, tramu na treni za nchi hiyo, isipokuwa daraja la kwanza, ni bure kwa wenyeji na wageni.