Kirongwe: Mahema, sikukuu na mwandamo wa mwezi
Na Mwandishi Wetu

KIRONGWE ni kijiji kilichopo kaskazini mwa Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani, kando ya barabara itokayo Kilindoni, makao makuu ya wilaya, kuelekea Kanga, Bweni na Rasi Mkumbi, ulipo mnara wa taa wa enzi za Wajerumani. Kisiwa kina urefu wa takriban kilomita 50 tu, hivyo mwenye haraka hukimaliza kwa siku moja. Anayetaka kulala hemani na kuzikuta sherehe za wenyeji ahesabu siku zaidi, tena kwa kalenda nyingine.

Wasafiri kutoka Dar es Salaam hupitia Nyamisati, wilayani Kibiti, na kuvuka bahari hadi Kilindoni.

Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, hufuata mwaka wa jua na huangukia Julai. Sikukuu kubwa za Mafia, ambako wakazi wengi ni Waislamu, hufuata mwezi mwandamo, ambao mwaka wake ni pungufu kwa siku 11 hivi. Maulidi, 12 Mfungo Sita, yaliangukia Februari mwaka 2010 na Septemba mwaka 2024. Ushauri wa rafiki aliyekwenda zamani, kwa hiyo, haufai kitu.

Maulidi ni usomaji wa Barzanji na kasida, udi, marashi na chakula cha pamoja. Si maonyesho, hakuna tiketi wala jukwaa la watalii. Mgeni aliyevaa kwa heshima aghalabu hukaribishwa, akae upande wa wanaume au wa wanawake kama aelekezwavyo, na kamera aiombee ruhusa kwanza. Mwanaanthropolojia Pat Caplan wa Uingereza, aliyeanza utafiti wake kaskazini mwa Mafia mwaka 1965, ameandika kwa kirefu juu ya maisha ya sehemu hizo.

Jambo ambalo wapiga kambi wengi hulisahau ni kwamba mwezi uletao sikukuu ndio uletao bamvua. Idd el Fitri huja mwezi unapoandama, na Maulidi siku chache kabla haujapevuka. Nyakati zote mbili maji huwa makubwa au yanaelekea kuwa hivyo, na tofauti ya kujaa na kupwa yaweza kupita mita tatu. Mchanga uliokuwa mkavu maji yalipokupwa waweza kuwa chini ya maji yakijaa. Waulizwe wavuvi mahali maji yanapoishia.

Kukimbilia chini ya minazi nako si salama, kwani nazi haichagui kichwa. Aidha, minazi hiyo ina wenyewe. Ufukwe usio na nyumba si ufukwe usio na mwenyewe, hivyo ruhusa iombwe serikali ya kijiji kabla ya kigingi cha kwanza. Sehemu za kusini na mashariki mwa kisiwa zina pia masharti ya Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995 na yenye kilomita za mraba 822.

Kati ya mwaka 2027 na 2030 Idd el Fitri inatarajiwa kuangukia Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, wakati papa potwe bado wanaonekana karibu na Kilindoni. Atakayewahi siku chache kabla atakuta Ramadhani. Mchana ajipikie faraghani.